Takwimu ya mvua ya nchi inapokosa mantiki: kufuatilia kosa kutoka jedwalini hadi kwenye kipimamvua

Katika hesabu ya rasilimali za maji za nchi, mvua ndiyo mstari wa kwanza. Ndiyo inayolisha mito, maziwa, udongo na maji ya chini ya ardhi, na kosa lililoingia katika mstari huo hushuka nalo hadi mstari wa mwisho. Hata hivyo, takwimu hiyo moja hupitia mikono mingi kabla ya kuchapishwa: maji huingia katika kipimamvua, mpimaji huyaandika daftarini, daftari huingizwa kwenye kompyuta, vituo hutandazwa juu ya ramani, na hatimaye milimita hugeuzwa kuwa mita za ujazo. Takwimu inapoonekana ya ajabu, wengi hukimbilia kulaumu kifaa kilichoko uwanjani au mabadiliko ya tabianchi. Ushauri wangu ni kinyume chake: anzia mwishoni urudi nyuma, kwa sababu kosa la hesabu hubainika kwa dakika tano ukiwa umeketi mezani, ilhali kosa la kipimamvua hudai safari.

Neno “mvua” hapa linajumuisha kila aina ya maji yaangukayo kutoka mawinguni, pamoja na theluji na mvua ya mawe baada ya kuyeyushwa.

Ujazo umezidi mara elfu, au umepungua kwa asilimia chache zisizo na maelezo

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Kwa hiyo zidisha milimita kwa kilomita za mraba, gawanya kwa 1,000,000, nawe utapata kilomita za ujazo, ambazo kila moja ni mita za ujazo bilioni moja. Nchi yenye eneo la kilomita za mraba 500,000 na wastani wa milimita 800 kwa mwaka hupokea kilomita za ujazo 400. Jedwali likikuonyesha 400,000 au 0.4, usisumbuke kutafuta kwingine. Kuna safu iliyoandikwa kwa milioni ikachanganywa na nyingine iliyoandikwa kwa bilioni.

Pengo la asilimia chache lina hila zaidi, na mara nyingi chanzo chake ni eneo. Tuseme nchi hiyo ina maziwa yenye kilomita za mraba 40,000. Ukizidisha milimita 800 kwa eneo la nchi kavu peke yake unapata kilomita za ujazo 368, na watu wawili wenye takwimu moja ya milimita watabishana siku nzima juu ya zile 32 zilizobaki. Mvua hainyeshi nchi kavu tu, kwa hiyo mimi hutumia eneo lote. Lakini lililo la lazima zaidi ni kwamba eneo lililotumika kukokotoa wastani wa kina cha mvua, yaani zile milimita, liwe lile lile linalotumika kuzidishia. Angalia pia mwaka unaanza lini. Pale ambapo msimu wa mvua huvuka Desemba na kuingia Januari, mwaka wa kalenda huupasua msimu mmoja vipande viwili, na mwaka wa maji, yaani ule unaohesabiwa kwa kufuata msimu wa mvua, ukilinganishwa na mwaka wa kalenda hutoa tofauti ambayo haimo angani wala ardhini.

Takwimu ya nchi haibadiliki mwaka hata mwaka

Mtu hupakua mvua ya nchi kutoka AQUASTAT, hifadhidata ya maji ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, anachora grafu, na anakuta mstari ulionyooka kama rula kwa miongo kadhaa. Hakuna kilichoharibika. Takwimu hiyo ni wastani wa muda mrefu, na imewekwa hivyo ili ilinganishwe na rasilimali za maji zinazojirudisha kila mwaka, ambazo nazo hutolewa kama wastani wa muda mrefu. Kuitumia kueleza ukame wa mwaka fulani ni sawa na kumpima mgonjwa urefu ilhali unatafuta homa. Kwa mwaka mmoja mmoja tumia mfululizo wa vituo au wa gridi, yaani ramani iliyogawanywa miraba yenye thamani moja moja, na unapouweka kando ya wastani, taja wastani huo ni wa kipindi gani: kipindi cha sasa cha miaka 30 kinachotumiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni 1991 hadi 2020, lakini ripoti nyingi zilizopo bado zimeegemea 1961 hadi 1990, na tofauti kati ya vipindi hivyo inaweza kumfanya mwandishi mmoja auite mwaka mkavu na mwenzake auite wa kawaida.

Rasilimali za maji zinazidi mvua, au mto unatoa maji mengi kuliko yaliyonyesha

Kwanza hakikisha hakuna maji yaliyohesabiwa mara mbili. Mvua ni chanzo cha mito, kwa hiyo haijumlishwi nayo. Rasilimali za ndani zinazojirudisha hupatikana kwa kujumlisha mtiririko wa juu ya ardhi na maji yanayojaza tena hifadhi za chini ya ardhi, kisha kuondoa sehemu inayoonekana pande zote mbili, kwa kuwa maji yanayoutiririsha mto wakati wa kiangazi kwa sehemu kubwa ni maji ya chini ya ardhi yaliyojitokeza tena. Anayesahau kuondoa sehemu hiyo hujikuta na nchi tajiri ya maji kwenye karatasi tu. Nchi kavu ya dunia nzima hupokea takriban kilomita za ujazo 110,000 kwa mwaka, na zaidi ya nusu yake hurudi hewani kwa uvukizi na kupitia mimea. Kwa hiyo nchi ya kawaida ambayo rasilimali zake za ndani zinakaribia kulingana na mvua yake inahitaji maelezo.

Maji yatokayo nje yana safu yake. Misri hupata mvua kidogo sana, lakini makubaliano yake na Sudan ya 1959 yaliitengea kilomita za ujazo 55.5 za maji ya Nile kwa mwaka. Maji hayo hayakunyesha ndani ya mipaka yake, na mtu akigawanya jumla ya maji ya nchi kama hiyo kwa mvua yake atapata uwiano usio na maana yoyote.

Ikiwa bonde liko lote ndani ya nchi, na bado mto unapimwa kuwa na maji mengi kuliko mvua, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni milima. Vipimamvua huwekwa mahali penye watu na barabara, yaani mabondeni, ilhali mvua nyingi huangukia miteremko inayoukabili upepo wenye unyevu. Wastani uliotokana na vituo vya mabondeni hauijui mvua hiyo, lakini mto unaijua. Watuhumiwa wanaofuata ni barafu ya milimani inayoyeyuka zaidi kuliko inavyojirudisha, maji ya chini ya ardhi yanayovuka mpaka wa bonde kwa siri, na kituo cha mtoni ambacho uhusiano wake kati ya kina na kiasi cha maji haujahakikiwa tangu gharika iliyobadilisha kitako cha mto.

Kuna jaribio moja ninalolifanya kwa kila bonde kabla ya kuamini chochote. Toa mtiririko wa mwaka kwenye mvua ya mwaka, kwa wastani wa miaka mingi ili maji yaliyohifadhiwa udongoni yasivuruge hesabu. Kinachobaki ndicho kilichorudi hewani. Kikiwa chini ya sifuri, mvua imepimwa pungufu au mto umepimwa kupita kiasi. Kikizidi kile ambacho joto la jua la mahali pale linaweza kuvukiza, kosa liko upande wa pili. Mipaka hii ni mipana, lakini utashangaa ni mabonde mangapi hutoka nje yake.

Wastani wa nchi umeruka ghafla ingawa hakuna kituo kilichoruka

Hapa ndipo ninapoona makosa makubwa kuliko kwingine kote. Chukua nchi ndogo yenye vituo vinne ambavyo kwa kawaida hupata milimita 400, 500, 600 na 1,500 kwa mwaka. Wastani wake wa kawaida ni 750. Kile cha milimita 1,500, kilichoko mlimani, kikifungwa kwa sababu mpimaji amestaafu, wastani wa vitatu vilivyobaki ni 500. Mvua ya nchi “imepungua” kwa theluthi moja, na hakuna hata tone moja lililopungua. Katika nchi zenye vituo mia kadhaa jambo hili hutokea polepole na halionekani kwa macho: vituo vya mbali na vya milimani hufa kwanza, vya mijini hubaki, na mwelekeo unaochorwa kwa miaka 40 unaonyesha historia ya ajira za wapimaji badala ya historia ya mvua.

Tiba ni kutojumlisha milimita ghafi. Kila kituo kwanza kilinganishwe na kawaida yake chenyewe, kwa mfano asilimia 90 ya wastani wake; kisha asilimia hizo ndizo zitandazwe juu ya ramani na kuzidishwa kwa ramani ya wastani wa muda mrefu iliyoandaliwa kwa uangalifu. Kwa njia hiyo kituo cha mlimani kikikosekana hupunguza uhakika wa takwimu, lakini hakiiporomoshi.

Namna ya kutandaza, yaani kukadiria mvua ya mahali pasipo na kituo kutokana na vituo vilivyopo, nayo ina lawama zake. Poligoni za Thiessen, zilizobuniwa 1911, humpa kila kituo eneo lililo karibu naye kuliko kituo kingine, na zinafaa kwenye tambarare. Lakini kituo kimoja cha pwani kinaweza kujikuta kimetawala safu nzima ya milima kwa sababu tu hakuna jirani. Mistari ya mvua sawa ikichorwa na mtu anayeijua nchi hushinda poligoni, ila watu wawili hawatachora mstari mmoja. Njia za kitakwimu zinazohusisha mwinuko ni bora zaidi, alimradi vituo vya juu vipo vya kutosha. La sivyo kompyuta hukisia mlima mzima kutokana na kilima. Kwenye gridi ya latitudo na longitudo kuna mtego mwingine: miraba haina ukubwa sawa. Mraba ulio kwenye latitudo ya 60 una nusu tu ya eneo la ule wa ikweta, kwa hiyo nchi iliyotanda kutoka kaskazini hadi kusini lazima miraba yake ipewe uzito kwa kadiri ya eneo.

Je, vituo ni vingi kiasi gani vinatosha? Mwongozo wa kihaidrolojia wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani hutaja kiwango cha chini cha kipimamvua kimoja cha kusomwa kwa mkono kwa kila kilomita za mraba 575 kwenye tambarare za ndani, 250 milimani na 25 kwenye visiwa vidogo. Nchi yetu ya kilomita za mraba 500,000, ingekuwa tambarare yote, ingehitaji vituo karibu 870. Midomo ya vipimamvua hivyo vyote, kila mmoja ukiwa na kipenyo cha milimita 203, ikiwekwa pamoja haifikii mita za mraba 30, yaani sebule moja. Ninapenda kuikumbuka sebule hiyo kila ninapoona mvua ya taifa imeandikwa na tarakimu mbili baada ya nukta.

Kituo kimoja hakifanani na majirani zake

Chora jumla inayolimbikizwa ya kituo hicho dhidi ya jumla inayolimbikizwa ya majirani zake watano au sita. Mambo yakiwa sawa, mstari hunyooka. Ukipinda mahali fulani na kuendelea kunyooka kwa mteremko mpya, kuna kitu kilichobadilika tarehe hiyo, na kazi iliyobaki ni kusoma faili la kituo: kilihamishwa, kilibadilishiwa kifaa, mti ulikua, jengo lilisimamishwa. Kanuni ya mahali ni kwamba kizuizi kiwe mbali na kipimamvua kwa angalau mara mbili ya urefu wake juu ya mdomo wa kifaa, na mara nne ni bora.

Niliwahi kukagua kituo ambacho mstari wake ulipinda vibaya, kikionyesha mvua chini ya nusu ya majirani. Kifaa kilikuwa kizima, uwanja ulikuwa wazi, na mpimaji alikuwa mwaminifu kuliko wengi niliowafahamu. Aliponionyesha jinsi anavyosoma, nikaona silinda ya kupimia haikuwa ya kifaa kile. Silinda ya awali ilivunjika, akaletewa nyingine iliyochorwa alama kwa ajili ya mdomo wa milimita 203, ilhali kipimamvua chake kilikuwa na mdomo wa milimita 127. Eneo la mdomo mdogo ni takriban asilimia 39 ya mkubwa, hivyo mvua ya milimita 50 ilisomeka 20 kasoro kidogo, kila siku, kwa usahihi mkubwa. Uzuri wa kosa la namna hii ni kwamba hurekebishika kikamilifu, mradi ijulikane tarehe silinda ilipobadilishwa. Jaribio lake halihitaji fundi: mimina mililita 127 za maji katika kifaa chenye mdomo wa milimita 127, na silinda isome milimita 10; kifaa chenye mdomo wa 203 kinahitaji mililita 324.

Vipimamvua vya kujiandikia, vile vyenye vikombe viwili vinavyobembea, vina magonjwa yao. Ukiona mvua imeandikwa kama manyunyu yasiyobadilika kwa saa nne baada ya majirani wote kuonyesha kuwa imekatika, faneli imeziba nusu kwa majani, vumbi au kinyesi cha ndege, na maji yanadondoka taratibu. Jumla ya siku huenda ni sahihi, lakini ukali wa mvua umepotea. Ukiona sifuri tupu, faneli imeziba kabisa au kikombe kimekwama. Na wakati wa mvua kubwa kikombe hupoteza maji katika ule muda mfupi wa kupinduka, kwa hiyo kifaa hicho husoma pungufu pale hasa ambapo msomaji anahitaji usahihi. Ndiyo maana sikubali kituo cha kujiandikia kisicho na kipimamvua cha kawaida kando yake.

Upungufu unaotokana na upepo hauonekani kwa kulinganisha majirani, kwa sababu wote wanao. Upepo hupanda juu ya mdomo wa kifaa na kuchukua matone. Kwa mvua hasara huwa kati ya asilimia 2 na 10, na kwa theluji inaweza kufika nusu au kupita. Kadiri mdomo unavyokuwa juu zaidi ya ardhi, ndivyo hasara inavyoongezeka, na kwa kuwa urefu wa kuuweka hutofautiana kati ya nchi na nchi, ramani za kanda wakati mwingine huonyesha mvua ikibadilika mpakani kana kwamba mawingu hukaguliwa pasipoti. Ukirekebisha hasara hii, chapisha takwimu ghafi na iliyorekebishwa pamoja. Kurekebisha kimyakimya ni kumwachia mrithi wako fumbo.

Jumamosi na Jumapili hakunyeshi

Panga data za kila siku kwa siku za wiki. Mvua haijui wikendi. Kama Jumatatu ina mvua nyingi kupindukia na siku mbili za kabla yake ni kavu, mpimaji hakuja kazini na maji ya siku tatu yakaandikwa kama ya siku moja. Jumla ya mwezi haijaharibika, mradi kisivukize kitu, kwa hiyo kwa hesabu ya rasilimali za maji usiitupe. Weka alama tu kwamba ni maji ya siku kadhaa, ili atakayechunguza mafuriko asiione Jumatatu hiyo kama tufani.

Kibaya zaidi ni nafasi tupu iliyogeuzwa kuwa sifuri wakati wa kuingiza data. Dalili yake ni mwezi mzima wa sifuri katikati ya masika ilhali majirani wana milimita 200. Fungua daftari lenyewe: kistari, nafasi tupu na “0” havina maana moja, na kila mpimaji ana desturi yake. Kanuni ya kimataifa ni kali na ninaiunga mkono: jumla ya mwezi isikokotolewe ikiwa kuna siku iliyokosekana, isipokuwa maji ya siku hiyo yamo katika kipimo kilicholimbikizwa kilichofuata.

Setilaiti inasema hivi, vituo vinasema vile

Anza na saa. Mpimaji husoma asubuhi na mvua ya jana jioni huiandika tarehe ya leo, ilhali bidhaa za setilaiti hukata siku kwa saa za kimataifa. Sogeza mfululizo mmoja kwa siku moja. Mifululizo hiyo miwili ikianza ghafla kwenda pamoja, tatizo limekwisha. Likibaki, fikiria aina ya mvua: vihisi vinavyotegemea ubaridi wa vilele vya mawingu hukosa mvua inayotoka katika mawingu mafupi yenye joto yanayosukumwa juu ya miteremko, na kwenye majangwa huhesabu mvua inayovukiza kabla ya kugusa ardhi. Seti mbili za data za mvua, CHIRPS, inayoanzia 1981, na toleo la mwisho la IMERG, huchanganya setilaiti na vipimamvua, jambo lenye manufaa, ila usizihakiki kwa vituo vile vile vilivyotumika kuziandaa halafu ukafurahia matokeo.

Kila kitu kinakubaliana kupita kiasi

Dalili hii hailalamikiwi na mtu, na ndiyo maana naiweka hapa. Vituo viwili vilivyo umbali wa kilomita 60 vikipanda na kushuka pamoja kila mwezi bila kukosana, huenda kimoja kati yao kilikufa zamani na programu imekuwa ikikijaza kutokana na mwenzake. Kagua alama za ubora za data. Kama hazipo, tafuta tarehe ambayo tofauti kati ya vituo hivyo ilinyamaza, kisha omba madaftari ya kuanzia tarehe hiyo. Yasipopatikana, kiondoe kituo hicho katika hesabu kuanzia siku hiyo, na urudie wastani wa nchi kwa vituo vilivyobaki.